Nyonga Yangu Nchini Kazamwendo

Sitaeleza tulivyofika Kazamwendo. Anayetaka kujua njia atanisamehe, maana nilisafiri nikiwa nimefumba macho na kuuma meno, na msafiri wa namna hiyo haoni mandhari. Niseme tu kwamba nilikwenda huko kufikiri. Daktari wa kwetu alikuwa amenionyesha picha ya nyonga yangu ya kulia, akaniambia gegedu limekwisha, mfupa unasaga mfupa, na dawa za kutuliza zimefika mwisho wa uwezo wake. Iliyobaki ni kuiondoa nyonga hiyo na kuweka ya bandia. Nikamjibu nitafikiri. Nilikuwa mwalimu wa michezo kwa maisha yangu yote ya kazi, na vilima vya Iringa nilivipanda mbio mbele ya wanafunzi, filimbi mdomoni. Mtu wa aina hiyo hakubali kulala mezani akachongwa kama mpini wa jembe bila kufikiri kwanza. Nami nilikuwa nimefikiri kwa miaka kadhaa.

Mke wangu, Mama Festo, alifuatana nami. Yeye hakuwa na la kufikiri, ila ilibidi awepo mtu wa kunivalisha soksi. Mguu wangu wa kulia ulikuwa umehamia mbali. Kila nilipoinama kuufuata, nyonga ilinifungia njia. Basi asubuhi Mama Festo alipiga magoti, na mgongo wake si wa msichana, akanivalisha soksi na kiatu, kisha akashika ukingo wa kitanda ili ainuke. Mimi muda huo nilitazama dirishani kama mtu anayesubiri habari za serikali.

Mpakani tulipokewa na afisa aitwaye Msikilizaji wa Mifupa. Hakutaka kuona pasi wala mizigo. Aliniweka kwenye kiti, akabandika sikio lake nyongani, akaniamuru nisimame. Ikasikika kama mtu anayekanyaga changarawe.

"Rudia," akasema, macho ameyafumba kwa raha.

Nikarudia.

"Umekaa nayo muda gani hii, mzee?"

"Mwaka wa sita sasa."

"Na umeitibu?"

"Sijaitibu," nikasema, na kwa mara ya kwanza jibu hilo likanipa fahari badala ya aibu.

Afisa akasimama wima kunipigia saluti. Akanifunga utepe wa kijani mkononi na kunitangaza kuwa Mstahimilivu Mwandamizi. Kisha akamtazama Mama Festo. "Na mama huyu?"

"Ndiye anayenivalisha soksi," nikaeleza.

"Basi hana daraja," akasema. "Apite."

Katika nchi ya Kazamwendo, mtu hupimwa kwa maumivu anayoyabeba bila kuyatafutia dawa ya kweli. Ofisi zote za serikali zipo ghorofa ya juu kabisa, na vishikio vya ngazi viling'olewa zamani kwa hoja kwamba vinapunguza uzalendo. Mkongojo unaruhusiwa, lakini lazima ubebwe kwapani, ili watu waone kwamba unao na huuhitaji. Nimewaona waheshimiwa wakianguka barabarani wakiwa na mikongojo mizuri ya mpingo kwapani. Tena ni marufuku kumpita mtu mwenye daraja kubwa kuliko lako, kwa hiyo mtaa mzima hufuata nyuma ya mzee mmoja anayechechemea, na mboga hufika sokoni zimenyauka. Wenyewe huita jambo hilo mwendo wa taifa.

Ipo pia Sheria ya Ushauri. Raia yeyote akimwona mwenzake anachechemea, anawajibika kumpa dawa aliyosikia kwa shemeji yake, na mgonjwa anawajibika kuipaka, kuinywa au kuikalia. Katika juma letu la kwanza nilipakwa mafuta ya chatu, nikafungwa majani ya kabichi, nikakanyagwa na pacha wa mwisho wa familia moja mashuhuri, nikanyweshwa manjano yaliyochemshwa na kitu ambacho sikukitajiwa jina. Nilinuka kiasi kwamba mbwa wa mtaa wetu walikuwa wakinisindikiza. Nilishukuru kila mtu. Kila dawa ilinisaidia kwa muda ule ule niliokuwa nikishukuru.

Mwenyeji wetu alikuwa Waziri wa Ustahimilivu, Mheshimiwa Sijambo, mtu mkubwa ambaye nyonga zake zote mbili zilikuwa zimekwisha. Alitembea kama kabati linalohamishwa na watu wawili wasioelewana. Alinipenda sana. Jioni tuliketi barazani kwake, tukilinganisha milio ya viungo vyetu, naye akanieleza siri ya nchi yake.

"Mwalimu," akaniambia, "mtu mzima bila maumivu atazungumza nini?"

Nilimwona mwenye hekima. Mama Festo alikuwa pembeni akijikanda kiuno kwa ngumi.

Sasa nieleze habari za Bi. Zamoyoni, kwa kuwa ndizo zilizonipeleka bungeni.

Ng'ambo ya mfereji unaokata mji kuna mtaa uitwao Vyumani. Huko wanaishi watu waliobadilishiwa viungo, pamoja na daktari anayewabadilishia. Wanavuka daraja kuja kufanya kazi na kurudi, lakini hawapigi kura. Sheria inasema kila kilichomo mwilini mwa raia kina umri wake, na nyonga iliyowekwa mwaka juzi ina umri wa miaka miwili, na mtoto wa miaka miwili hapigi kura. Bi. Zamoyoni, mjane mwenye umri wa miaka sitini, mshonaji wa magodoro, alikuwa ameamriwa kuhudhuria chekechea kila asubuhi kwa ajili ya nyonga yake. Tatizo likazuka kwamba vile viti vya chekechea ni vifupi, na daktari alikuwa amemkataza kukaa chini sana. Mwalimu wa chekechea akamwambia asimame nyuma. Alipokuwa amesimama nyuma akaanza kuwafundisha watoto nyimbo, na watoto wakampenda, na wazazi wakalalamika kwamba mwanafunzi anafundisha. Ndipo suala likafika bungeni: Bi. Zamoyoni ana umri gani?

Mjadala ulichukua siku nzima. Mbunge mmoja alipendekeza wachukue umri wa mwili na umri wa nyonga, wagawanye kwa mbili. Mwingine akauliza kama mtu huyo akifa, nyonga isiyotimiza miaka kumi na minane itarithiwa na nani. Wa tatu alisema kiungo kile kimetengenezwa nje, hivyo kiombewe kibali cha ukaazi. Hakuna aliyecheka. Nami sikucheka, maana Mheshimiwa Sijambo alikuwa ameniomba nizungumze kama mgeni rasmi, na nilikuwa nikipanga maneno yangu.

Niliinuka kwa milio mitatu, ambayo iliandikwa kwenye kumbukumbu za Bunge. Nikasema nimekuwa mwanamichezo, na mwanamichezo haombi kubadilishwa kabla ya kipenga cha mwisho. Nikasema mwili ni amana. Nikasema wanaokimbilia kisu wamekosa subira, nami ninajitegemea kwa nyonga hii hii niliyozaliwa nayo. Wabunge walipiga meza. Nakiri ilikuwa hotuba nzuri, na laiti ningeketi hapo hapo.

Spika akamruhusu Bi. Zamoyoni ajibu. Alikuja mbele akitembea moja kwa moja, bila kuyumba, jambo ambalo katika ukumbi ule lilionekana kama utovu wa adabu.

"Kaka yangu mgeni," akasema kwa upole, "mimi sina hotuba. Nataka kuuliza tu. Leo asubuhi soksi umevalishwa na nani?"

Mama Festo alikuwa ameketi juu, kwenye viti vya wageni, na niliona anainama kunitazama.

"Nimevaa mwenyewe," nikasema.

Bi. Zamoyoni akaitikia kwa kichwa, akarudi mahali pake. Bunge likaamua aendelee na chekechea. Siku hiyo hiyo, kwa hotuba ile, nilipandishwa daraja kuwa Nguzo, cheo cha juu kabisa nchini, na ikatangazwa kuwa kesho yake nitasimikwa uwanjani.

Usiku ule Mama Festo hakunisemesha, wala mimi sikumsemesha. Kulipokucha niliketi kitandani na kunyoosha mguu kama kawaida. Nilimkuta amekwisha kuvaa, anasuka ukili karibu na mlango.

"Mama Festo, wananisubiri."

"Wasubiri."

"Soksi."

"Umesema bungeni unavaa mwenyewe," akasema, macho kwenye ukili. "Mimi ni mgeni hapa, Baba Festo. Siwezi kwenda kinyume na kumbukumbu za Bunge."

Nilijaribu. Nilijaribu kwa mkono, nikajaribu kwa mwiko, nikajaribu kuitandika soksi sakafuni na kuiingia kwa ghafla kama mtu anayemvizia kuku. Mwishowe nilikwenda kusimikwa nikiwa na soksi ya kushoto tu, na waandishi wa habari wa Kazamwendo wakaeleza kwamba hiyo ni ishara ya unyenyekevu.

Nguzo ni kiti. Hilo sikuwa nimeelezwa. Katikati ya uwanja kuna duara la viti vya mawe, vifupi, na mtu akishasimikwa hukaa hapo, kwa kuwa hana tena sababu ya kwenda popote. Watu hupita wakimsifu. Chakula huletwa na ndugu zake. Mheshimiwa Sijambo alinikalisha mwenyewe, na nilipofika chini nilijua, kama anavyojua mtu aliyedondosha ufunguo kisimani, kwamba sitainuka.

Kiti cha jirani kilikuwa na mzee mkavu aitwaye Matulo, Nguzo wa siku nyingi. Nikamsalimu.

"Marahaba," akasema. "Uliwahi kucheza ngoma?"

"Mimi nilikuwa wa mpira."

"Mimi nilikuwa wa ngoma." Akainua kidevu kuelekea nyumba yenye mlango wa bluu, upande wa pili wa uwanja. "Pale ni kwangu. Mke wangu alikuwa akiniletea uji. Alipofariki, mazishi yalipita hapa mbele. Walisimamisha jeneza kidogo ili nione."

"Hukwenda makaburini?"

"Nguzo haiendi," akasema Mzee Matulo. Akaendelea kuutazama ule mlango.

Alasiri mvua ikanyesha. Watu walikimbia kwa kadiri ya madaraja yao na uwanja ukabaki mtupu. Huko kwao kumwacha Nguzo mvuani ni heshima, kwa kuwa anayemfunika anamtuhumu udhaifu. Nilikaa natiririka maji, mafuta ya chatu yakinishuka mgongoni, nikijitahidi kuwa na sura ya mtu aliyeheshimiwa.

Kisha nikamwona Mama Festo. Alitoka kwenye kona na mwavuli, amejitanda khanga kichwani, na mkononi amebeba chakula changu. Hasira zake zilikuwa bado zipo. Niliziona katika mwendo wake. Lakini alikuwa anakuja. Alipofika kwenye ngazi za uwanja, zile zisizo na vishikio, aliteleza. Alianguka chali, akagonga mgongo kwenye kingo za mawe, na mwavuli ukabingirika.

Nilikuwa karibu kiasi cha kusikia anavyovuta pumzi. Nikasukuma mikono yangu kwenye jiwe ili niinuke. Nyonga ikanikatalia. Nikasukuma tena, nikaona giza, nikarudi kitako. Alikuwa amelala pale mvuani na uso wake umenigeukia, wala haukuwa uso wa kulaumu. Alikuwa anatazama tu kama nitakuja.

Aliyekuja ni Bi. Zamoyoni. Alitokea upande wa mfereji, sketi ameikunja mkononi, anakimbia. Siyo mbio za kushinda kombe, lakini nimefundisha mbio miaka mingi na sijapata kuziona nyingine nilizozionea wivu kama zile. Akapiga goti kando ya mke wangu, akamuuliza kama anaweza kusogeza miguu, akamwinua kidogo kidogo, akamwegemeza kwake. Kisha wote wawili wakanijia.

"Shemeji yangu," Bi. Zamoyoni akaniambia, "dada huyu anahitaji kulala mahali pakavu. Nyumba yangu iko ng'ambo. Wewe unabaki?"

"Niinue," nikasema.

"Kumwinua Nguzo ni kosa. Huitwa kubomoa mnara."

"Niinue, dada. Tafadhali."

Akaniinua. Sauti iliyotoka ilimfanya Mzee Matulo ageuze kichwa. Tulivuka daraja tukiwa watu watatu, mgongo mbovu mmoja na nyonga mbovu moja, nami nilichukua mwavuli wa Mama Festo, nikaufanya mkongojo na kuutegemea waziwazi, mbele ya macho ya mji.

Daktari wa Vyumani aliitwa Shekimweri, mwanamke mfupi mwenye viganja vya seremala. Alimpima Mama Festo kwanza, akasema hakuna kilichovunjika, ila alale na asiinue kitu. Ndipo akanigeukia. Nilimweleza habari zangu kwa mzaha mwingi, na yeye akasubiri mzaha uishe.

"Utatembea," akasema. "Ngazi utapanda. Soksi utavaa, mwanzoni kwa kifaa maalumu. Mbio sikushauri. Ninachotarajia zaidi ni kwamba utalala usiku."

"Na nikifia mezani?"

"Hutokea, mara chache. Tutapima moyo na damu kwanza. Kuna hatari ya vijidudu, ya damu kuganda mguuni, na ya nyonga kuchomoka ukikaa vibaya. Nikikuambia hakuna hatari, nitakuwa sina tofauti na wale waliokupaka mafuta ya chatu."

Akatuacha. Mama Festo alikuwa amelala kwa ubavu kwenye kitanda cha pili, ameufunga mgongo kwa khanga.

"Mama Festo," nikasema, "naogopa."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kuwaambia watu kwamba huogopi." "Mimi nami naogopa, Baba Festo. Ila nimechoka kuliko ninavyoogopa."

Nilimwita daktari.

Kesho yake Mheshimiwa Sijambo alikuja mpaka katikati ya daraja, nami nikasimama mwisho wa daraja upande wa Vyumani, akasoma tangazo la kunivua madaraja yote. Lilisema Nguzo imejibomoa yenyewe. Alipomaliza hakuondoka. Aliwaruhusu maafisa wake watangulie, akanisogelea kwa shida.

"Mwalimu," akaniuliza kwa sauti ya chini, "kweli usingizi unarudi?"

"Sijui bado, mheshimiwa. Nitakapojua nitakuambia."

Akautazama upande wetu wa daraja kwa muda. Kisha akageuka, hatua kwa hatua, akarudi alikotoka.

Upasuaji sina mengi ya kusimulia. Nilipigwa ganzi ya mgongo na kupewa dawa ya usingizi mwepesi, na katikati ya usingizi huo nilisikia nyundo. Inasemekana nilimwelekeza daktari jinsi ya kupigilia. Nilipozinduka kidonda kiliuma sana, lakini ni maumivu ya aina nyingine. Yale ya zamani yalikuwa mpangaji aliyejimilikisha nyumba. Haya yalikuwa mgeni, na kila siku yalifungasha kitu. Siku ya pili muuguzi alinisimamisha. Nilianza na mguu usiopaswa, na kijana huyo akanirekebisha kama nilivyorekebisha vijana maisha yangu yote, nami nikanuna kama walivyonuna.

Usiku wa tano nililala mpaka asubuhi. Nilimtumia Mheshimiwa Sijambo salamu kwamba unarudi. Jibu sijapata mpaka leo.

Karani wa Umri naye alikuja, kuandikisha nyonga yangu kama mtoto mchanga. Aliuliza jina la baba, nikampa. Akauliza jina la mama, akamtazama Mama Festo kitandani.

"Mimi simo," Mama Festo akasema. "Huyo amempata nje."

Karani akaandika hivyo hivyo. Sikuweza kucheka vizuri kwa sababu ya nyuzi, lakini nilicheka, naye Mama Festo akacheka akishika mgongo, na Bi. Zamoyoni akaja mlangoni kuona kuna nini.

Tulikaa kwake hadi nikaweza kutembea kwa gongo moja. Mgongo wa Mama Festo ulikuwa unapona taratibu kuliko nyonga yangu, kwa kuwa mimi nilikuwa nimetengenezwa na yeye alikuwa ametumika tu. Alasiri moja Bi. Zamoyoni alikuwa kazini, nyumba kimya. Mama Festo aliamka na kusema ana kiu. Nikageuka kumtafuta mtu wa kumtuma. Niliutazama mlango, nikautazama ua. Ilinichukua muda kuelewa kwamba mtu mwenyewe ni mimi.

Mtungi ulikuwa jikoni, baada ya ngazi mbili za kushuka. Nikashuka mguu mbovu mbele, kama nilivyofundishwa, nikachota maji, nikapanda mguu mzima mbele, kikombe mkono mmoja na gongo mkono mwingine. Mengine yalimwagika kwenye shati. Nikafika kitandani, nikampa.

Akanywa yote. Akakitazama kikombe, akanitazama na shati langu lililolowa.

"Ni machache," akasema. "Kaniletee mengine."

Nikaenda kumletea.